Chororo Chini ya Kihenge

Jana mchana, chakula kikiwa bado jikoni, nilijinyoosha kitandani nipumzishe mgongo, na hapo hapo nikaota nimo ndani ya droo yangu mwenyewe.

Droo hiyo naijua vizuri. Ni ya tatu kutoka juu katika kabati la vielelezo la shule yetu ya sekondari, huku kwenye baridi ya Makete, ambako nimekuwa mtunza maabara kwa miaka ishirini na sita. Ndani yake wamelala wanyama wadogo niliowachuna na kuwajaza pamba kwa mikono yangu: panya, popo, fuko, na kindi mmoja aliyeanza kunyonyoka manyoya. Kila mmoja ana lebo iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa nyuma, na kila lebo ina mwandiko wangu. Mimi si mwalimu, lakini kijiji kizima kinaniita Mwalimu, na sijawahi kumkosoa mtu kwa hilo.

Ili ndoto ieleweke, lazima nieleze kwanza ya asubuhi.

Nilikuwa nimekaa nje kwenye kigoda nakunywa chai alipofika jirani yangu, Melania Chaula, mjane wa makamo mwenye sauti ya kwaya. Mkononi ana ndoo.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, dada. Umebeba nini?"

Ndani ya ndoo kulikuwa na mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, kichwa chote kimefunikwa tope, amekufa. Melania alikuwa amemkuta kwenye mtego alioutega chini ya kihenge chake cha mahindi. Tangu Pasaka amepoteza kuku saba, na kila anayepita njia anasimuliwa habari zao mmoja mmoja.

"Ndiye huyu?" akaniuliza. "Niambie kabisa, maana kuna shimo pale chini ya kihenge, na ndani kuna vitu vinalia. Kama ndiye, leo saa kumi upepo ukitulia nawasha pumba na pilipili kichaa, nalifukiza shimo lote, kisha nalifukia."

Sikuingiza mkono kwenye ndoo. Harufu ilitosha, ilinipanda puani mpaka nikatokwa na machozi. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mnyama mwenye mistari anayenuka namna hiyo ni kicheche, na kicheche ni mwizi wa kuku.

"Kicheche huyo," nikasema. "Fukiza."

"Una hakika?"

"Dada Melania, kazi hii nimeianza kabla mwanao wa kwanza hajaota meno."

Akacheka, akaniachia ndoo nimchune kwa ajili ya wanafunzi. Nikachukua lebo nikaandika palepale: *Kicheche, dume*. Sikuangalia kama ni dume. Neno hilo huwa naliandika ninapotaka kumaliza.

Sasa turudi kwenye droo.

Nimelala chali, na droo ni ndefu kuliko shule. Inanuka nafthalini na pamba ya zamani. Wanyama wangu wote wapo, wamejipanga kama nilivyowapanga, na kwenye macho wana pamba, kwa sababu shule haijawahi kununua macho ya kioo.

"Sogea," fuko akaniambia bila kugeuza kichwa. "Leo kuna wageni."

"Nisogee niende wapi?"

"Mbele. Unapimwa. Sote tulipimwa. Mimi uliniandika panya mwaka mzima, mpaka mkaguzi alipokuja."

Hilo ni kweli, ila sikutegemea kulisikia kutoka kwake. Nikamwambia kwamba siku ile mwanga ulikuwa hafifu. Popo aliye kando ya fuko akajifunika bawa usoni, nadhani kwa aibu niliyopaswa kuiona mimi.

Mwisho wa droo kuna ofisi. Nyuma ya meza imekaa rula yangu ya mbao ya sentimita thelathini, ile iliyomeguka pembeni, na mbele yake kuna daftari.

"Jina?"

"Fanuel Tweve. Mwalimu Tweve."

"Mwalimu?"

"Ndivyo wanavyoniita."

"Hapa tunaandika kilichopimwa," rula ikasema. "Lala chini."

Nikalala. Rula ikashuka kitini, ikajilaza juu yangu kuanzia kisiginoni, ikainuka, ikajilaza tena, mara tano. Ilipofika shingoni ilitazama sehemu iliyobaki, yaani kichwa, ikarudi kitini.

"Mia na hamsini. Kilichobaki hakifiki thelathini, kwa hiyo hakipo."

Nilipoinuka, suruali ilikuwa inaburuta sakafuni. Nikaikunja miguuni bila kulalamika. Mimi mwenyewe nimepima mikia ya panya kwa mtindo huo huo, nikaandika namba iliyonirahisishia.

"Fungua mdomo."

Ikahesabu meno. Yalikuwa thelathini na mawili, na rula ikaguna.

"Chororo ana ishirini na nane. Kicheche ana thelathini na manne. Wewe umekaa katikati, na daftari lina safu mbili."

"Mimi ni mtu."

"Safu ya mtu haijachorwa. Simama kwenye foleni. Ukiitwa, itika."

Chororo namfahamu kwa kusoma. Kwenye kitabu cha maabara wamechorwa ukurasa mmoja na kicheche, ndugu wa karibu kabisa, wote weusi wenye mistari myeupe, wote wanatoa harufu ileile wakibanwa. Nimewapa wanafunzi swali la kuwatofautisha zaidi ya mara moja, na waliokosa niliwaandikia kwa wino mwekundu. Lakini sikuwahi kumwona chororo kwa macho yangu, kwa hiyo nilikuwa nimeamua kwamba huku kwetu hayupo.

Mbele yangu kwenye foleni amesimama kicheche. Ni mnene, manyoya yake marefu yanapepea ingawa ofisini hamna upepo, na mkia wake umetanuka kuliko kiwiliwili. Usoni ana mabaka matatu meupe, moja katikati ya paji na moja kila upande karibu na sikio, yametengana vizuri kabisa, nani asiyaone. Pembeni mwa mdomo ana unyoya wa kuku. Ananigeukia, ananipa mkono kwa heshima zote.

"Wewe ndiye Mwalimu Tweve? Nilitaka kukushukuru ana kwa ana."

"Kwa lipi?"

"Kwa mujibu wa lebo yako, nimekufa leo asubuhi. Nimeshatolewa kwenye orodha. Melania hatanitegea tena. Wamebaki kuku wangapi?"

"Tisa," nikasema. Sijui kwa nini nilimjibu.

"Nitaanza na yule wa kijivu. Anapenda kulala nje ya banda." Akaupangusa ule unyoya, akautia mfukoni. "Ukiwa umekufa unafanya kazi kwa utulivu sana."

Alisema bila kujisifu, na ndiyo maana mwili ulinisisimka.

Nyuma yangu kulikuwa na kitu kinadondoka. Nikageuka. Kwenye foleni kulikuwa na mnyama mwembamba kama mpini wa jembe, miguu mifupi mpaka tumbo linakaribia kugusa sakafu, manyoya mafupi yaliyolala. Kichwa chote kina tope lililoganda. Kwenye mguu wa nyuma ana lebo ninayoifahamu.

"Mimi ndiye wa kwenye ndoo," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. Ningefurahi ingekuwa nayo.

"Pole," nikasema.

"Soma." Akainua mguu.

"*Kicheche, dume.*"

"Nina maziwa," akasema.

Kicheche alijifanya anatazama dari.

"Ungeshindwa nini kunipangusa tope, Mwalimu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Ulikuwa unaenda wapi?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikuwa siendi popote. Nilikuwa nakunywa chai.

"Nipanguse sasa," akasema, "ili rula ione paji langu. Mimi siwezi, nimekufa."

Nilitaka kumpangusa, kweli kabisa. Ila mikono yangu ilikuwa mifukoni na haitoki. Nilivuta, nikajipinda, nikamwomba kicheche anisaidie kushika kiwiko, akavuta kwa moyo safi, haikutoka. Rula ikafungua daftari ukurasa wa nyuma, ikasoma kwamba mikono ambayo haikuingia kwenye ndoo asubuhi haiwezi kutoka mfukoni mchana. Ndio utaratibu.

"Basi sikia," chororo akaniambia. "Kule shimoni kuna watoto wangu wawili. Macho yao yamefunguka majuzi tu. Wakisikia hatua za mtu yeyote wanadhani ni mimi. Saa kumi Melania atawasha pumba na pilipili, na wao watakimbilia mlangoni, kwenye moshi, wakidhani nimerudi. Neno lako ndilo linalowafukiza. Na ni neno lako tu linaloweza kumzuia."

"Neno gani?"

"Unalijua. Ila sijasikia kama umewahi kulitumia."

Hapo rula ikaita, "Fanuel Tweve!"

"Naam," nikaitika.

"Naam," akaitika mtu mwingine, kwa sauti yangu.

Ofisi haipo tena. Tuko nyumbani kwangu, chumba cha mbele, meza ileile yenye kitambaa alichofuma mke wangu Yustina. Kwenye kiti changu amekaa mwanamume. Amevaa shati langu la bluu lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Pua yangu, upara wangu, hata kile kikohozi changu cha kusafisha koo anacho. Sikuona tofauti mpaka alipoweka mkono wa kushoto mezani.

Nyuma ya mkono wangu wa kushoto nina makovu matatu meupe. Tindikali ilinirukia mwaka nilioanza kazi, matone matatu, na Yustina ndiye aliyenifunga kitambaa siku ile, hata kabla hatujachumbiana. Yule mtu ana makovu mawili.

Rula imelala mezani kando ya kikombe cha chumvi. Yustina anaingia na sahani ya ugali, maharage na majani ya maboga, kanga imefungwa kiunoni.

"Mama," rula ikasema, "hapa kuna wawili wanaokaribiana. Mmoja ni mumeo. Chagua, kisha utie saini."

"Nina chungu motoni," Yustina akasema. Akamwinamia yule mtu, akanusa mara moja tu. "Spiriti ya maabara. Ndiye huyu. Huwa ananuka hivi."

Akamwekea sahani.

"Mama Eliza!" nikapiga kelele, maana Eliza ndiye binti yetu. "Usinuse! Hesabu makovu!"

Yustina akanitazama kwa huruma, kama anavyowatazama wanaopita kuuza vitu asivyovihitaji. "Na huyu mbona amekaa na mikono mfukoni? Mtu mzima huyo."

"Una hakika, mama?" rula ikauliza.

"Nimeishi naye miaka ishirini na minne. Nitakosea vipi?"

Akatia saini. Yule mtu akanawa, akala kwa utaratibu, akamaliza yote, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho. Kisha akainua uso, akasema, "Asante, Mama Eliza. Chakula kitamu."

Yustina akasimama. Akatabasamu. Tabasamu hilo nilikuwa sijaliona kwa miaka, nami niliona wivu mkali, wivu wa kumwonea mtu aliye mimi, na chini ya wivu huo nikaona hofu. Hakuna aliyekuwa ananitafuta. Kwa mujibu wa maandishi nilikuwa nimekaa mezani na nimeshiba.

Rula ikaandika lebo, ikaisoma kwa sauti: "*Si Fanuel, dume.*" Ikanifunga kwa uzi kwenye kidole gumba cha mguu. Uzi ulikuwa wangu, ule mweupe wa dukani, na fundo lilikuwa langu pia.

Nikarudishwa kwenye droo. Koleo ndogo ya maabara ikaja na bunda la pamba.

"Usijali," koleo ikaniambia. "Nafanya ulivyonifundisha. Kwanza macho."

Ikaniwekea pamba machoni. Kisha ikanifungua mdomo, ikajaza pamba polepole, ikishindilia, mpaka ulimi ukakosa pa kukaa. Fuko akasogea kunipisha. Droo ikafungwa, nikasikia mlio ule ule ninaousikia kila siku saa tisa na nusu nikifunga kazi, ila safari hii kutoka ndani.

Giza lilikuwa la udongo. Sipo kwenye droo tena, nipo kwenye shimo chini ya kihenge. Nasikia mahindi yakitulia juu yangu. Kitu kikasogea ubavuni. Kisha cha pili. Vilikuwa vidogo, vya moto, vinahema haraka. Vilinipapasa, vikaninusa, vikajibanza kwapani kwangu vikatulia. Vimesikia mtu ameingia, vikadhani ni mama.

Juu yetu nasikia sauti ya Melania. Anajisemea huku akipepea kitu. "Mwalimu amesema ni yeye. Basi ni yeye."

Moshi ukaanza kuingia. Ulikuwa mwembamba mwanzoni, na pilipili yake ilinichoma kooni kupitia pamba. Vile vidogo vikaamka.

Nikajaribu kusema. Ajabu ni kwamba maneno mengi yalipita kwenye pamba bila taabu. Nilisema mwanga ulikuwa hafifu, yakatoka safi. Nilisema tope lilikuwa jingi, yakatoka. Nilisema mtu yeyote angedhani hivyo, na hayo yakatoka mpaka yakatoa mwangwi. Kila nikitoa moja moshi unazidi, na kule juu Melania anaitikia, "Ndiyo, Mwalimu. Sawa, Mwalimu," huku anapepea.

Vile vidogo vikaanza kukimbilia mlangoni. Nikasikia kucha zao kwenye udongo. Nikakusanya pumzi yote niliyokuwa nayo, nikaisukuma kwa tumbo, kwa ulimi, kwa machozi, nikaanza kutamka lile neno, na pamba ikatoka kooni yote kwa pamoja kama mzizi uliong'olewa.

Nikaamka nimekaa kitako kitandani, mdomo wazi. Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi kasoro dakika tano.

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye ndoo. Nikaingiza mikono yote miwili. Mnyama alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka, mwepesi mno kwa mwizi wa kuku wakubwa. Nikachota maji, nikamwosha kichwa taratibu kwa kidole gumba, tope likatoka, na chini yake kukatokea weupe. Nikatafuta mabaka matatu. Hayakuwepo. Kulikuwa na weupe mmoja tu, unaanzia kwenye paji la uso, unapita juu ya kichwa mpaka kisogoni bila kukatika, ndipo unagawanyika kuwa mistari ya mgongoni. Nilihesabu mara mbili, ingawa kitu kimoja hakihitaji kuhesabiwa mara mbili. Nikamgeuza tumbo. Maziwa yalikuwepo.

Nikamlaza chini nikakimbia. Mtu wa umri wangu akikimbia kijijini kwetu, watu hudhani kuna msiba, na hawakukosea sana.

Melania alikuwa amechuchumaa mbele ya shimo. Amewasha kwenye kipande cha bati, makaa tayari mekundu, pumba zimeanza kufuka, na mkononi ana ungo wa kupepea. Pilipili alikuwa ameziweka kando kwenye kibakuli, bado hajazimwaga.

"Mwalimu! Umekuja kushuhudia?"

"Dada, asubuhi ile mwanga ulikuwa..." nikaanza, nikajisikia, nikanyamaza. Alikuwa ananitazama, kibakuli mkononi sasa, anasubiri nimalize.

"Dada Melania, nilikosea."

Ungo ukasimama.

"Umesemaje?"

"Nilikosea. Sikumwangalia. Yule si kicheche, ni chororo. Hali kuku. Chakula chake ni panya tu. Mwizi wako ni mwingine, na yu hai."

Melania aliinua macho akautazama ukuta wa kihenge, kuanzia chini mpaka kwenye paa, kama anayeuona leo.

"Mwaka jana panya walinimalizia magunia mawili," akasema. "Mwaka huu sijasikia hata mmoja akikwaruza. Nikadhani ni maombi." Akaweka kibakuli chini. "Mwalimu, nimemuua mlinzi wangu."

"Tumemuua. Mtego ulikuwa wako, uzembe ulikuwa wangu."

Akafukia makaa kwa udongo kwa mikono mitupu, haraka, huku akilia; moshi ule ulikuwa bado hauna pilipili, kwa hiyo hatukuweza kuusingizia. Mimi nilikanyaga cheche zilizobaki. Hatua zangu zilipotulia, kwenye mlango wa shimo vikatokea vichwa viwili vidogo, vyeusi usoni na vyeupe juu, weupe mmoja kila kimoja. Vilikuja mbio kuelekea miguu yangu. Vilipofika karibu vikasimama, vikaninusa, vikarudi nyuma taratibu. Sitakusahau kule kurudi nyuma kwao.

"Watakula nini hawa?" Melania akauliza.

"Wameshafungua macho, wataweza nyama laini. Panya."

"Kwangu panya hawapo." Akajipangusa pua kwa upande wa kanga. "Itabidi nipite nyumba hadi nyumba kuomba panya. Watasema nimerukwa na akili."

"Sema umetumwa na mimi."

"Hapo ndipo watakuwa na hakika." Akacheka kidogo, machozi yakiwa bado mashavuni.

Nilipokuwa naondoka nikamwambia awafungie kuku wote ndani usiku ule, hasa yule wa kijivu.

"Umejuaje kuhusu wa kijivu?" akaniuliza. "Ameanza kulala nje jana."

"Nimeambiwa," nikasema, nikaenda zangu.

Nyumbani nilimkuta Yustina anaosha vyombo karibu na dirisha. Tumbo lilikuwa linaniuma kwa njaa, maana tangu chai ya asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nikakaa kwenye kiti changu, nikamwomba chakula.

"Tena?" akasema.

"Tena vipi? Sijala mchana."

Akageuka akanitazama, sahani yangu mkononi, inang'aa. "Baba Eliza, umekula hapo hapo ulipokaa. Umepangusa mpaka sahani. Ukaniambia asante, chakula kitamu. Nikasimama nikakushangaa mwanamume mzima, maana sijawahi kusikia neno hilo kwako tangu tuoane. Kisha ukaenda kulala."

Nilishika meza. Nje kulikuwa bado na jua, majirani wanapita wakisalimiana.

Yustina akaweka sahani chini. Akanisogelea, akainama, pua yake ikakaribia kola ya shati langu.

"Usininuse," nikamwambia. "Hesabu."

Nikanyoosha mkono wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Hakuuliza ni nini. Alifuta vidole kwenye kanga, akanishika kiganja, akaweka ncha ya kidole kwenye kovu la kwanza, la pili, la tatu, akitaja kila namba kwa sauti ya chini. Alipomaliza akarudia tangu mwanzo, polepole zaidi, na kidole chake kikabaki kwenye lile la tatu.

"Mchana yalikuwa mawili," akasema, akauachia mkono wangu, akaenda kufunga mlango.